Tumbawe Si Jiwe: Kwa Mwanafunzi Aendaye Pwani



Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili husafiri kwenda Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu ili wakae miongoni mwa wenyeji wa lugha. Baadhi yao hutoka Ulaya, Marekani na Asia. Wengine hutoka bara, na Warundi wamo, kwa kuwa tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 hamu ya kujifunza Kiswahili imezidi kukua. Kati ya darasa na darasa, mgeni huyo hupelekwa baharini. Huvishwa miwani ya kuogelea, hupewa mrija wa kupumulia, akateremshwa kutoka mashuani juu ya mwamba wa matumbawe na kuambiwa atazame. Jioni hurudi amefurahi, ana picha nyingi na hadithi moja: kwamba samaki walikuwa wa rangi zote.

Maoni yangu ni haya. Saa ile moja majini ni sehemu ya somo la lugha na la uraia, na mwalimu anayeiacha iwe burudani tupu humnyima mwanafunzi jambo kubwa. Aidha, mwanafunzi wa Bujumbura anayekwenda kustaajabia matumbawe ya Unguja bila kujiuliza kuna nini chini ya maji ya Ziwa Tanganyika amesafiri nusu ya safari. Nitaanza na bahari, kisha nitarejea ziwani.

Tuanze na neno lenyewe. Katika sarufi tuliyojifunza, tumbawe na matumbawe huingia katika ngeli moja na jiwe na mawe, tofali na matofali. Mwanafunzi anayeanza hukariri orodha hiyo na kuamini kwamba vitu hivi ni vya namna moja. Sivyo. Tumbawe ni mnyama. Au tuseme kwa usahihi zaidi, ni mji wa wanyama wadogo mno, kila mmoja akiwa na mdomo wake na minyiri yake, wanaojijengea nyumba ya chokaa na kuishi juu ya nyumba za waliotangulia. Ndani ya miili yao hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika: mwani hutoka, tumbawe hupauka, na joto lisipopungua, hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ikatokea tena mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkubwa wa nne.

Matumbawe makubwa ya mviringo huongezeka kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha mtu mzima laweza kuwa lilianza kukua kabla Bujumbura haijawa mji. Mwanafunzi aliyechoka kuogelea akisimama juu yake kwa dakika mbili ili arekebishe miwani, anaweza kuvunja kazi ya miaka ishirini, na hatasikia chochote ila mchakacho mdogo chini ya mguu. Mwenzake atafanya hivyo kesho, na mwingine kesho kutwa. Wahenga walisema: bandubandu huisha gogo.

Hapo mtu aweza kunijibu: mbona wenyeji wenyewe hukanyaga miamba? Mbona mababu zao waliyakata matumbawe wakajengea? Ni kweli, na jibu linastahili heshima. Miji mikongwe ya Waswahili, kutoka Kilwa hadi Gedi na Mji Mkongwe wa Zanzibar, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yamo maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mafundi walipenda kulitoa baharini tumbawe likiwa bichi, kwa sababu huchongeka kwa urahisi kabla halijakauka. Hadi leo wanawake wa pwani hushuka maji yanapokupwa, wakatafuta pweza na chaza katika mashimo ya mwamba.

Lakini mtu anayeishi kwa mwamba ana jambo ambalo mgeni hana: anaulipia. Mwamba ukifa, pweza huondoka na chungu hukosa kitoweo. Mawimbi yasipovunjwa na mwamba, hula ufuo na kuisogelea minazi na nyumba. Kwa hiyo watu wa pwani wamelazimika kuyajua maji kwa undani, na maarifa hayo yamo ndani ya maneno yao. Kupwa na kujaa. Bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana. Maji mafu, wakati tofauti ni ndogo. Kaskazi na kusi, pepo mbili zinazogawa mwaka wa mvuvi. Mwanafunzi anayekariri maneno haya darasani huyasahau baada ya mtihani. Anayeulizia saa ya maji kukupwa ili ajue ni lini asiende juu ya mwamba, kwa kuwa maji yatakuwa machache na mapezi ya miguuni yatagusa matumbawe, huyo hatayasahau. Amejifunza neno pamoja na wajibu wake.

Mfano mzuri wa somo la namna hii upo. Kusini mwa Mji Mkongwe kuna kisiwa kidogo cha Chumbe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wake wa magharibi kuwa hifadhi: hakuna kuvua, hakuna kutia nanga. Waliopewa kazi ya ulinzi wengi wao walikuwa wavuvi, watu waliojua kila pango la chewa kwa kulivua, wakafundishwa kulieleza kwa wageni na kuzungumza na wavuvi wenzao badala ya kuwafukuza. Fedha za wageni wanaolala kisiwani husaidia kuwaleta wanafunzi wa shule za Zanzibar, nao huvaa miwani na mrija wakaona, wengi wao kwa mara ya kwanza, kile kilicho chini ya bahari waliyozaliwa kando yake. Jambo hili la mwisho ndilo ninalotaka mlishike. Mtoto wa Unguja alikuwa anaishi hatua chache kutoka kwenye mwamba wenye mamia ya aina za samaki, lakini aliyeuona alikuwa mgeni kutoka mbali. Kuwa karibu na kitu si kukijua. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kuna upande wa pili wa hifadhi ambao raia mwema hana budi kuuliza. Kenya ilianzisha hifadhi za baharini za Malindi na Watamu mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Kila eneo linapofungwa, kuna mvuvi ambaye jana alikuwa anavua pale. Je, aliulizwa? Je, ada anayolipa mgeni humfikia kwa njia yoyote, kwa zahanati au shule ya kijiji? Mwanafunzi wa uraia asiogope kumuuliza nahodha maswali haya kwa adabu. Mazungumzo ya nusu saa mashuani na mtu aliyevua maisha yake yote yatamfundisha zaidi ya kurasa kumi za kitabu.

Basi mgeni afanye nini? Adabu ya mwamba si ngumu. Kama hujui kuogelea vizuri, vaa jaketi la kuokolea maisha, kwa sababu mtu anayeelea bila hofu hana haja ya kutafuta pa kusimama. Usiguse, usiokote, usimnyanyue kiti cha pweza kutoka majini ili upigwe naye picha. Akitolewa majini hudhurika. Usiwarushie samaki mkate. Funika mwili kwa nguo nyepesi ya kuogelea badala ya kujipaka mafuta mengi ya kuzuia jua, maana baadhi yake yana kemikali zinazodhaniwa kudhuru matumbawe, kiasi kwamba nchi ya visiwa ya Palau ilipiga marufuku aina hizo kuanzia mwaka 2020. Palau hiyohiyo, tangu mwaka 2017, humtaka kila mgeni atie sahihi kiapo kilichopigwa muhuri ndani ya pasipoti yake, kinachoelekezwa kwa watoto wa nchi hiyo, kwamba hatayaharibu makazi yao. Napenda wazo hili. Linamweleza mgeni tangu mlangoni kwamba ameingia katika nyumba yenye watoto.

Sasa turudi nyumbani. Wako watakaosema kwamba haya yote hayatuhusu sisi tuishio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Nawakumbusha kwamba Kiswahili chetu kilikuja kwa njia ileile ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kikapanda ziwa hadi kaskazini. Mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura ni ushahidi unaozungumza. Lugha iliyozaliwa juu ya mwamba wa matumbawe ilifika kwenye ziwa lenye miamba ya aina nyingine, ikapata kazi mpya. Dagaa wa Kigoma ndiye ndagala wetu. Mgebuka wa Tanzania ndiye mukeke wetu. Samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile, na kila jina lina watu wake.

Ziwa Tanganyika halina matumbawe, kwani matumbawe ya miamba huhitaji maji ya chumvi. Lina mawe. Kusini mwa Bujumbura, tukifuata barabara ya Rumonge, milima inateremka hadi majini, na mawe yake yanaendelea chini ya maji. Katika mianya ya mawe hayo wanaishi samaki wa jamii ya perege ambao wanasayansi huwaita sikilidi. Ziwa hili lina takriban aina 250 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Wapo wanaowatunza watoto wao kinywani, wapo wanaolea makinda ndani ya makombe matupu ya konokono, na wapo wanaoishi kwa ukoo, kaka wakubwa wakisaidia kuwalinda wadogo wao.

Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, lakini tusidanganyike na ukubwa huo. Chini ya mita mia moja hadi mia mbili hivi hakuna oksijeni, na samaki hawezi kuishi. Uhai wote umo katika tabaka la juu, na uhai wa mawe umo katika ukanda mwembamba wa pwani, palepale tunapojenga, tunapofua na tunapotupa taka.

Hapa kuna jambo linaloniuma kama mwalimu. Mmoja wa samaki wa mawe hayo anafugwa katika visanduku vya kioo vya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wafugaji humwita kwa lugha zao Binti Mfalme wa Burundi. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Bujumbura na ambaye, tangu miaka ya 1970, alikuwa akisafirisha samaki hai wa ziwa kwenda ng'ambo. Mwaka 1989 alichapisha kitabu kikubwa juu yao. Mtoto wa Ujerumani anaweza kumtambua binti mfalme huyo kwa mkia wake wenye ncha mbili. Mtoto wa Kanyosha au Kinindo, anayeliona ziwa kila asubuhi, hajawahi kumwona. Simlaumu. Hakuna aliyemwonyesha.

Na tusichokijua hatukilindi. Adui mkubwa wa mawe ya upande wetu ni udongo. Milima yetu ni mikali, imelimwa hadi kileleni, na kila mvua kubwa huteremsha udongo kupitia Ntahangwa, Muha, Kanyosha, Mugere na mito mingine midogo. Mkazi yeyote wa Bujumbura ameona maji ya ziwa yakigeuka rangi ya matofali baada ya mvua. Udongo huo hutua juu ya mawe, hufunika mwani ambao samaki hula, huziba mianya wanamotagia mayai. Tayari mwaka 1993 kulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba sehemu za ziwa zinazopokea udongo mwingi, zikiwemo za upande wa Burundi, zina aina chache zaidi za viumbe kuliko zile ambazo milima yake bado ina miti. Anayevunja tumbawe kwa mguu walau yupo pale. Anayefukia mawe ya Tanganyika anaweza kuwa mlimani, kilomita nyingi kutoka ziwani, akipalilia mihogo yake bila kuwa na habari.

Udongo si tatizo pekee. Mwaka 2003 tafiti mbili zilieleza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na kwa hiyo hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Chakula kilicho vilindini hakipandi, na ndagala hupungua. Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, nchi nne zinazopakana na ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mjini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza kwa pamoja. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana na mkataba huo ina makao yake hapa Bujumbura. Katika miaka ya karibuni nchi hizo zilikubaliana kupumzisha ziwa kwa kusimamisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka. Burundi ilifanya hivyo kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2023, na Tanzania katika miezi hiyohiyo ya mwaka 2024.

Miezi mitatu bila kuvua ni miezi mitatu bila kipato kwa mvuvi, kwa mama anayeanika ndagala na kwa kijana anayebeba makasha. Raia anawezaje kuamua kama sadaka hiyo ni ya haki, kama imegawanywa sawa, kama aliyekatazwa kuvua amepewa njia nyingine ya kuishi, ikiwa hajui ziwa lina nini na linapoteza nini? Swali hili ni lilelile la mvuvi wa Malindi. Ndiyo maana nasema mwanafunzi aliyelisikia pwani amerudi na kitu cha thamani kuliko picha.

Nakubali vizuizi vilivyopo. Wengi wetu hatuna fedha za safari ya Unguja. Pia simshauri mtu yeyote ajitose kwenye fukwe za Bujumbura akiwa na miwani na mrija: karibu na mlango wa Rusizi kuna mamba na viboko, na kichocho ni ugonjwa wa kweli. Lakini kulijua ziwa hakuhitaji kulowa. Darasa zima laweza kwenda alfajiri mahali mitumbwi inaposhukia, kwa ruhusa na kwa heshima, likaandika majina ya samaki kwa Kirundi na kwa Kiswahili, likauliza ni samaki gani aliyekuwapo zamani na sasa haonekani. Laweza kufuata mto mmoja kutoka mlimani hadi ziwani, likahesabu mahali ukingo ulipobomoka. Insha itakayotokana na kazi hiyo itakuwa ya kwao, haitanakiliwa kutoka kitabuni.

Na kwa yule atakayebahatika kupata nafasi ya masomo pwani, ninampa kazi mbili. Ya kwanza, asiingie majini kabla hajajifunza majina ishirini ya vitu atakavyoviona: changu, pono, tasi, chewa, pweza, jongoo bahari na vinginevyo, naye ayapate kwa mvuvi, si kwa kamusi pekee. Kitu chenye jina hukanyagwa kwa nadra. Ya pili, akirudi, asimame mbele ya wenzake aeleze kwa Kiswahili kile ambacho watu wa pwani wanafanya ili mwamba wao usife, na kipi kati ya hayo chaweza kufanywa hapa: mlinzi aliyekuwa mvuvi, shule inayopelekwa kuona, eneo linalopumzishwa kwa makubaliano ya wanaolitumia.

Mabaharia walituachia methali inayowafaa wasafiri wote: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni ile ya chini, ambako maji yanayovuja hukusanyika na ambako lazima mtu ainame ayachote ili chombo kisizame. Ngama yetu sisi ni Tanganyika.